Viatu Juu ya Wavu

Cephas Odoyo alikula kwa kuandika kinyume. Katika kibanda chake cha mabati mjini Homa Bay alichonga mihuri ya shule, ya machifu, ya vikundi vya akina mama, na ya makanisa yaliyojitenga juzi na makanisa mengine. Alichukua mpira wa soli ya kiatu, akachora herufi zikitazama upande usio wake, akachonga kwa wembe na kwa ubavu wa mwavuli alioutia makali kwenye jiwe. Ukiugonga muhuri kwenye karatasi, herufi ziligeuka zikatazama sawa. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na miwili, na hata akikuandikia barua ilimbidi ajikumbushe kwamba anayeandikiwa ni mtu, si muhuri.

Ila kazi iliyomlisha hasa ilikuwa ya misiba. Alichonga majalada ya ratiba za mazishi: msalaba, maua mawili, na chini yake PUMZIKA KWA AMANI. Watu wa ziwani hawapendi kusema fulani amekufa, husema amepumzika. Kwa hiyo Nicholas Aringo aliposimamisha gari mbele ya kibanda, mwezi wa pili mwaka wa tisini na sita, akasema kwamba klabu yake mpya ya ufuoni Kachola itaitwa Pumziko, Cephas alikohoa kidogo.

"Pumziko?"

"Pumziko Club. Watu wanafanya kazi mpaka wanazeeka, omera, ndugu yangu. Wanataka pahali pa kujinyoosha."

"Kujinyoosha," Cephas alisema. "Sawa."

Nicholas alikuwa rika lake. Walikalia dawati moja shule ya msingi, wakapigwa kiboko kimoja. Kisha mmoja akaenda Nairobi kuuza bima, mwingine akabaki kuchonga mihuri. Sasa yule wa bima alikuwa amerudi na kitambi, na mke mcheshi aitwaye Beverly, na hati ya ardhi ya Kachola kutoka barabarani hadi ukingo wa maji. Alitaka kadi za mwaliko zenye mwavuli na kiti cha kulalia na ziwa kwa nyuma. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu angefungua bustani mpya ya wageni kulala juani.

"Na iwe classy," alisema akiingia garini. "Isifanane na zile zako za matanga."

Bustani yenyewe ndiyo iliyokuwa na maneno. Kachola ina sehemu moja tu iliyo tambarare. Upande huu ni mawe, upande ule ni matope na mafunjo, na hapo katikati, tangu enzi ambazo hakuna aliyezihesabu, akina mama huanika omena. Wanatandika nyavu kuukuu, wanamwaga samaki wale wadogo kama vijiti vya kiberiti, na jua linafanya yaliyobaki. Bila uwanja ule wangelazimika kuwatoa wabichi asubuhi hiyo hiyo, kwa bei ya kuonewa, au kuwatazama wakioza. Na sasa nguzo za ua wa Nicholas zilikuwa zimeshasimamishwa kuuzunguka uwanja huo, zikingoja waya tu.

Mkubwa wa akina mama hao alikuwa Orpah, mama yake Cephas, mwanamke wa miaka sitini na minne ambaye mgongo wake ulikuwa umeshasahau kunyooka. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kukanyaga wavu na viatu, hata kama wewe ni askofu, maana juu ya wavu ni chakula. Ya pili, omena lazima wageuzwe kwa ufagio jua likipanda. "Anayekauka upande mmoja," alikuwa akisema, "huoza upande wa pili."

Orpah hakuwa na haja ya kelele. Alikuwa amepanga kwenda kumwona Nicholas siku ya Ijumaa, wiki moja kabla ya sherehe, kwa adabu, na kuku mkononi.

"Yule ni mtoto wetu," alimwambia Cephas. "Susana alipokuwa na homa mimi ndiye niliyemnyonyesha. Nitaongea na yeye polepole, na atasikia. Wewe usiingize mdomo wako."

Susana alikuwa mama yake Nicholas. Alianika omena hapo hapo Kachola mpaka mauti yalipomchukua, mwanawe akiwa Nairobi. Alikuwa na namna yake ya kufunga kitambaa cha kichwa, fundo likikaa mbele kwenye paji na ncha mbili zikisimama kama masikio ya sungura. Ulimjua kwa mbali, kabla hujaona uso.

Cephas aliahidi kunyamaza, na kwa mdomo alinyamaza kweli. Kosa lilifanywa na mkono.

Jumamosi moja alipeleka kielelezo cha kadi huko klabuni. Wageni wa kwanza walikuwa wameshaanza kufika ingawa bustani haijafunguliwa. Walikuwa wamelala chali kwenye majani, safu kwa safu, wazungu wawili na mabwana na mabibi wa maofisini kutoka Kisumu, waliopakwa mafuta mpaka wanang'aa. Bibi mmoja alikuwa ameweka vipande vya tango machoni. Cephas alisimama akamtazama huyo kwa muda, akijiuliza kama ni dawa au ni kiapo. Hawa walikuwa watu ambao utotoni jua liliwachoma wakitumwa maji na kuchunga mbuzi, na walisoma mpaka wakapata kazi za kivulini, na sasa walikuwa wamesafiri saa mbili kuja kulitafuta jua lile lile.

Hatua ishirini mbele yao, kati ya nguzo, akina mama walikuwa wakigeuza omena. Safu zililingana. Mafuta yaling'aa huku na huko. Hata ndege waliokuwa wakiruka juu walionekana kutojua vizuri wateremkie upande gani.

Na katikati ya wageni wake alilala Nicholas. Alikuwa amejilaza kwenye kiti kirefu, suruali ya kitambaa, soksi, viatu vyeusi vya kamba vimefungwa kwa vitanzi viwili. Kila baada ya dakika chache alinyanyua mkono akatazama saa, kama mtu anayehakikisha kwamba amepumzika vya kutosha.

Cephas alicheka. Alicheka njiani mpaka mwanamke mmoja akamuuliza kama ni mzima. Lakini alipokumbuka mgongo wa mama yake umejikunja kati ya zile nguzo, kicheko kilimkauka kooni, na kilichobaki kilikuwa hasira.

Siku tatu alifunga mlango wa kibanda. Alimwomba fundi viatu kipande kizima cha mpira wa soli, kikubwa kama sinia, akachonga ufuo wa Kachola. Alichonga nyavu zimetandikwa, na juu ya nyavu, badala ya omena, mabwana na mabibi wamelazwa safu kwa safu, matumbo juu, miwani myeusi usoni, tango machoni. Akina mama walipita katikati wakiwageuza kwa ufagio mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikuwa akimfukuza korongo aliyekwisha kumshika bwana mnene kidole cha mguu. Na mbele kabisa, juu ya wavu, alilala mtu mwenye saa na viatu vya kamba, na mwanamke akimsukuma ubavuni kwa ufagio ili ageuke. Chini ya yote alichonga neno moja, lile ambalo mkono wake ulilijua: PUMZIKO.

Alijiachia mlango wa kutokea. Nicholas ana baka la kuzaliwa kwenye shavu la kushoto, jeusi, kama punje ya maharagwe. Cephas, aliyegeuza kila herufi maishani mwake, hilo baka hakuligeuza. Alilichonga kwenye mpira vile vile alivyozoea kuliona, na picha ilipotoka kwenye karatasi likakaa shavu la kulia. Mtu akija na maneno, alijiambia, nitamuuliza: Nicholas gani mwenye baka kulia? Alijiona mjanja sana.

Alipaka wino wa saiklostaili, akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko. Alitoa nakala arubaini. Alitaka kuzigawa kwa marafiki wachache, wacheke, basi.

Sasa, kibandani mlikuwa na kamba mbili. Ya ndani ilikuwa ya kazi nzuri inayosubiri kukauka. Ya mlangoni ilikuwa ya karatasi zilizoharibika, na hizo Orpah alikuwa na ruhusa ya milele kuzichukua na kugawia wenzake wa sokoni kufungia omena. Lakini wiki hiyo mvua ilikuwa imenyesha na bati la ndani linavuja. Cephas akaanika nakala zote arubaini mlangoni, akaenda kunywa chai. Aliporudi, kamba ilikuwa tupu na inabembea.

Alimkuta mama yake sokoni, kopo la gorogoro mkononi, akimpimia mteja. Nakala ya mwisho ndiyo hiyo ilikuwa inakunjwa.

"Mama! Hukuona zina picha?"

"Niliona," Orpah alisema. "Watu wamelazwa, na chini imeandikwa pumziko. Nikajua ni ratiba ya mazishi imeharibika. Nikasema, maskini, hii ni ajali gani kubwa namna hii?" Akamfungia mteja wake vizuri, akaongeza mkono mmoja wa samaki juu. "Hata nimewaombea."

Cephas alitaka kucheka na alitaka kulia, na kwa kuwa ilikuwa sokoni hakufanya lolote.

Karatasi zilikwenda zinakokwenda omena, yaani kila mahali. Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, mchuuzi mmoja wa Kikuria kutoka Migori, Mirumbe, mwanamke mwenye sauti ya kuita feri, alisimama mlangoni pa kibanda.

"Cephas wa picha ni wewe?"

"Picha gani?"

"Usinichezee. Migori hoteli moja imebandika ukutani karibu na birika la chai, watu wanakunywa vikombe viwili ili waangalie. Wanasema huyo wa viatu ni yule tajiri wetu wa tumbaku. Rangwe nimepita jana, wao wanaapa ni mwenyekiti wao wa ushirika, eti hata viatu ni vyake. Wateja hawataki gazeti tena. Wanasema, nifungie na ya watu walioanikwa. Nichapie zingine."

Nitasema kweli, Cephas alifurahi. Mtu aliyechonga majina ya wengine miaka kumi na miwili, leo anaitwa Cephas wa picha. Furaha ilidumu kama nusu saa. Kisha akakumbuka kwamba kesho ilikuwa Ijumaa, na mama yake tayari alikuwa amemfunga kuku miguu. Angekwenda kwa upole wake kumwomba uwanja mtu ambaye Cephas amemfanya achekwe mpaka Migori. Kama Nicholas alikuwa ameiona, nguzo zile zingevalishwa waya usiku huo huo. Akina mama kumi na mmoja wangekosa pa kuanika kwa sababu Cephas hakuweza kuuzuia mkono wake.

Alikuwa bado anafunga kibanda ili akimbie kwa mama yake gari la Nicholas lilipokuja kusimama.

Nicholas aliingia akaketi kwenye kigoda cha wateja. Akatoa mfukoni karatasi yenye madoa ya mafuta, inanuka samaki, akaikunjua mezani.

"Beverly alinunua omena," alisema. "Nimemsikia jikoni anacheka mpaka amekaa chini. Nikamuuliza unacheka nini, akanipa. Halafu akaangalia miguu yangu, akanyamaza."

"Watu wa Migori wanasema ni tajiri wa tumbaku."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi," Cephas alisema, akaukimbilia mlango wake wa kutokea, "nilichonga mtu yeyote tu. Tazama mwenyewe. Baka lako liko kushoto. La huyu liko kulia. Siyo wewe."

Nicholas alitikisa kichwa, bila hasira, na hilo lilimtisha Cephas zaidi.

"Omera, wewe unaniona kutoka mbele. Mimi sijawahi kujiona kutoka mbele. Mimi hujiona kwenye kioo, nikinyoa ndevu." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Na kwenye kioo baka liko upande huu. Watu wa Rangwe wanaweza kubishana. Mimi huyu mtu nakutana na yeye kila asubuhi."

Miaka kumi na miwili ya kuandika kinyume, na hilo Cephas hakuwahi kulifikiria. Aliinamisha kichwa.

"Na huyu anayenigeuza," Nicholas aliendelea, sauti imeshuka. "Hili fundo."

Cephas aliinama kutazama. Alikuwa ameichapa picha ile mara arubaini, na aliona sasa tu. Mwanamke mwenye ufagio alikuwa amefunga kitambaa fundo mbele, ncha mbili zimesimama.

"Sikukusudia," alisema, na safari hii alisema kweli tupu. "Nilikuwa nachonga mwanamke tu. Lakini mkono ukichonga mwanamke Kachola, akiwa karibu na wewe, unamchonga Susana. Ndivyo nilivyowaona siku zote, nyinyi wawili."

Nje mtu aliita bei ya nyanya. Nicholas alisugua uso kwa viganja.

"Angenipiga," alisema. "Viatu juu ya wavu."

"Angekupiga kwanza, kisha akugeuze."

Nicholas alianza kucheka, kicheko kikamkatikia katikati. "Unajua kwa nini sivivui? Nikilala pale nikiwa miguu mitupu, nasikia kama ataniita. Nicholas, amka, fukuza ndege. Kila nikifunga macho. Nilinunua kipande kile chote nikidhani siku moja nitalala palepale alipokuwa ananiamsha, na hakuna atakayeniita tena." Akaikunja karatasi polepole akairudisha mfukoni, na mafuta yake yote. "Na kweli haniiti mtu. Silali, Cephas. Nalipa wapishi na watu wa taulo, na silali hata dakika tano."

Cephas alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuumiza kwa kuwa hakuwa amejiandaa nayo. Alikuwa amemchonga tajiri, na aliyeketi kwenye kigoda alikuwa mtoto wa jirani. Alitaka kumwuliza habari ya nguzo, lakini Nicholas alikuwa ameshainuka.

"Kadi zangu usizichape bado," alisema, akaenda.

Usiku ule Cephas alimweleza mama yake kila kitu. Orpah alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia yeye ni mjinga, akamwongezea ugali.

"Sasa kesho usiende, Mama."

"Kuku nimeshamfunga," Orpah alisema.

Wakaenda pamoja, jua likiwa limeanza kupanda. Orpah alitangulia, kuku kwapani, akirudia hotuba yake midomoni. Cephas alifuata nyuma akitafuta kwa macho waya. Waya haukuwepo. Nguzo zilikuwepo, zote. Na kwenye ukingo wa nyavu, mbele ya wanawake kumi walioacha kazi wakashika viuno, alisimama Nicholas Aringo akiwa na viatu vyake vya kamba, ncha zake zikikaribia kugusa wavu, hasogei mbele wala nyuma.

Orpah hakumsalimia.

"Wuod Susana," alisema, yaani mwana wa Susana. "Viatu."

Nicholas aliinama. Kamba zilimchukua muda. Alivua kiatu cha kwanza, cha pili, kisha soksi, akasimama juu ya mchanga. Miguu yake ilikuwa laini na imefifia kwa kukaa ndani, na mwanamke mmoja aliguna kwa kumhurumia. Orpah alichukua ufagio uliokuwa karibu akampa. Alifanya hivyo kama unavyompa mtu kikombe.

Akaanza kugeuza. Mara ya kwanza alirusha omena mchangani, akakaripiwa. Mara ya pili vilevile. Halafu mabega yakakumbuka. Ufagio ukaanza kwenda chini kwa chini, sambamba, na samaki wakageuka pamoja, matumbo ya fedha juu. Ndege mmoja aliteremka, naye Nicholas, bila kuinua kichwa, aliokota kijiwe akakirusha.

Orpah alikumbuka alichokuja kufanya. Alijikohoza. "Mimi nimekuja tuongee habari ya hizi nguzo."

"Zinatoka leo, Mama," Nicholas alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Fundi anakuja saa sita. Niache nimalize hii safu."

"Hiyo safu ilikuwa ya mama yako."

"Najua."

Wanawake waliinama wakaendelea na kazi, kwa sababu jua halimngojei mtu. Cephas aliviokota viatu vilivyoachwa njiani, akaviweka kando, mbali na wavu. Nicholas alipofika mwisho wa safu alijinyoosha, akashika mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Nairobi alikuwa na uso wa mtu anayeweza kulala. Akamwona kuku.

"Na huyo ni wangu, Mama?"

Orpah aliitazama ile miguu mitupu iliyobandikwa magamba ya omena. Akamsogeza kuku kwapani, akamshika vizuri zaidi.

"Alikuwa wako," alisema. "Lakini kuku huchinjiwa mgeni. Huyu narudi naye."